Nenda, Usimpigie Simu

Nilimwona Nashilu akivuka uwanja wa zahanati ameshika simu yake mkononi, na kabla hajafika mlangoni nilikuwa nimeshajua kwamba kwetu kuna msiba. Nilichokuwa sijajua ni nani.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa nane mwaka 2008, saa nne asubuhi, Loliondo. Nashilu ni mpishi wa zahanati ya misheni ambako mimi natunza stoo ya dawa. Saa nne huwa yuko jikoni na uji wa wagonjwa, na hauachi uji ule hata akiitwa na sista mkuu. Siku ile aliuacha. Aliingia stoo, akaondoa boksi la glavu juu ya kigoda, akanishika bega ili nikae. Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

"Ni nani?" nikamwuliza.

"Kaa kwanza, mama Edna."

"Ni Aayo?" Aayo ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita mama.

"Aayo mzima. Kaa."

Nikakaa. Alinimiminia chai kutoka chupa yangu mwenyewe, akatia sukari, akasubiri mpaka nilipokunywa nusu kikombe. Hakuharakisha. Ndipo akaniambia kwamba mdogo wangu Silvanus alibanwa na pumu jana yake jioni na akafariki wakiwa njiani kumpeleka hospitali. Mazishi yalikuwa kesho yake, Jumatano, saa tisa alasiri, nyumbani Qurus, wilaya ya Karatu. Isingewezekana kusogeza mbele, kwa kuwa Padri alikuwa na safari ya wiki nzima kuanzia Alhamisi, na Aayo hakutaka mwanawe azikwe bila Padri.

Baadaye, nilipoweza kusoma, Nashilu alinipa simu. Ujumbe ulikuja kwa vipande viwili: "Nashilu, nenda alipo Scholastika. Usimpigie simu. Aketi kwanza, anywe kitu. Kisha mwambie: Silvanus Bonaventura wa Qurus amefariki. Mazishi Jumatano saa tisa. Alex atakuwa Naabi na gari, kesho saa tano. Usimwache peke yake."

Maneno ya mwanzo, mpaka pale panaposema "kisha mwambie", aliyaandika Silvanus mwenyewe miaka miwili nyuma. Yalikuwa ndani ya kompyuta yake yakisubiri kutiwa majina. Naomi, binti aliyefanya naye kazi, ameniomba nieleze jinsi yalivyopata kuandikwa. Watu wengi wa Karatu walimjua Silvanus kama yule kijana wa intaneti, wengine walimwita Bwana Misiba, na wachache tu walijua kilichomfanya aanze.

Kilichomfanya aanze ni mazishi ya baba, ambayo sisi wawili tuliyakosa.

Baba yetu, mzee Bonaventura, alifariki mwaka 1998, msimu ule wa mvua kubwa zilizokata barabara kila upande. Mimi nilikuwa tayari Loliondo. Silvanus alikuwa Dar es Salaam, amemaliza kozi ya kompyuta ya mwaka mmoja na anachapa barua katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Nyumbani walipeleka tangazo redioni, lakini yeye hakuwa na redio. Wakampa dereva wa basi barua. Mimi nilifika siku ya tatu baada ya mazishi. Silvanus alifika siku ya tisa, viatu mkononi, suruali imelowa tope mpaka magotini, akakuta kaburi limeshaanza kutitia kwa mvua.

Hakulia. Aliuliza jambo moja: "Baba alivaa nini?"

Aayo alisema alivaa koti lake la kahawia. Baba mdogo akasema hapana, koti alipewa yeye, marehemu alifunikwa shuka jeupe na ndani alikuwa na shati la mikono mirefu. Jirani mmoja akasema ni kweli kulikuwa na koti, ila si lile. Walikuwepo watu zaidi ya mia mbili na hakuna wawili waliokubaliana. Silvanus alizunguka akiuliza siku nzima, kisha akaacha. Lakini najua hakuacha moyoni, maana hata miaka mitano baadaye, tukila wali wa Krismasi, aliniuliza ghafla kama nimewahi kupata jibu.

Alirudi Karatu mwaka uliofuata mazishi ya baba, na mwaka 2002 akafungua chumba cha intaneti mjini, kompyuta nne, karibu na soko. Wageni wa safari waliingia kuandika barua zao, vijana waliingia kutafuta wafadhili wa masomo. Jioni, wateja wakipungua, yeye alisoma. Watu wa Karatu walio mbali walikuwa na ukurasa wao kwenye mtandao ambapo waliandikiana, wengine wakiwa Mwanza, Dar, hata Ulaya. Silvanus alichukua daftari kubwa la jalada la kijani akawa anaandika kila lalamiko alilolisoma pale, na pembeni yake anachora kijistari kila mtu mwingine anapolirudia. Alikuwa na imani, na nadhani ndiyo imani pekee aliyoizungumza waziwazi, kwamba watu wakilalamikia jambo lilelile bila kujuana, hapo kuna kazi ya mtu kufanya akapata riziki.

Programu yake ya kwanza ilikuwa ya bei za vitunguu vya Mang'ola. Ilikufa ndani ya miezi mitatu kwa sababu wakulima walikuwa wanapata bei kwa madereva wa malori, bure, na utani juu yake. Ya pili ilikuwa ya kuwekea wageni nafasi katika viwanja vya kambi. Hiyo hakuna hata mtu mmoja aliyeiomba, aliitoa kichwani mwake mwenyewe, na wenye viwanja waliitazama kwa adabu wakarudi kwenye madaftari yao. Naomi, ambaye alikuja kutoka Rombo kutafuta kazi hotelini akaishia kwake, anasema baada ya hapo Silvanus aliandika ndani ya jalada la lile daftari kwa kalamu nene: USITENGENEZE KABLA HUJAULIZWA.

Lalamiko lililokuwa na vijistari vingi kuliko yote lilikuwa lile lake mwenyewe. Watu waliandika: Nimejua kifo cha shangazi baada ya siku nane. Nimefika wameshazika. Nilikuwa Arusha tu, saa tatu za gari, hakuna aliyeniambia. Naomi anasema alipofika kijistari cha arobaini na kitu aliweka kalamu chini akatoka nje.

Safari hii hakutengeneza kitu kwanza. Kwa miezi mitatu, mwaka 2005, alifanya kwa mkono. Makatekista na mabalozi wa nyumba kumi wa Qurus, Daa na kata nyingine walimletea taarifa kwa karatasi. Yeye alihakikisha kwa watu wawili, kisha akatuma ujumbe kwa simu yake kwa wale waliojiandikisha, mmoja mmoja, mpaka kidole gumba kikafura. Alipoona watu wanafika, na wanalipa ada ya mwaka bila kukumbushwa, ndipo akaandika programu na kuunganisha simu na kompyuta kwa waya. Akaiita Tufike.

Aayo hakuipenda. Alimwambia kwamba alimkosa baba yake kwa sababu ya barabara, si kwa sababu ya kukosa kompyuta, na kwamba mtu hali chakula kinachotokana na vifo vya majirani. Vijana pale sokoni nao walimpokea kila asubuhi na yao: "Bwana Misiba, leo nani?" Yeye aliwajibu kwamba jina lao bado halijafika, wasubiri foleni. Alikuwa hodari wa kujibu. Aayo peke yake ndiye ambaye hakumjibu kitu.

Mimi nami nilikuwa na langu. Silvanus hakuhudhuria jumuiya, na kanisani alikuja sikukuu tu. Krismasi ya mwaka 2007 nilimwambia, mbele ya watu, kwamba anawajua marehemu wote wa wilaya na hajamwombea hata mmoja. Alinitazama akasema, "Mimi nawafikisha watu wao, Dada. Wao wataomba." Nilimwona ana kiburi. Leo namwomba Mungu anisamehe kwa kusema maneno yale mezani.

Lakini nimeruka. Kabla ya Krismasi hiyo kulikuwa na jambo la Alex.

Alex ni dereva wa wageni, mtu wa Daa, na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kujiandikisha Tufike. Mwaka 2006, siku ya Ijumaa asubuhi, alikuwa amesimama juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, pale wageni wanaposhuka kupiga picha na mtandao wa simu unapatikana. Simu yake ikalia mfukoni. Ujumbe ulisema Verediana wa Daa amefariki, mazishi kesho saa nane. Verediana ni mama yake mzazi.

Wageni wake walirudi garini wakicheka. Hakuwa na wa kumwambia. Wakati ule akili haikumjia hata ya kurudi, akawasha gari, akashuka nao kreta, akawazungusha mpaka jioni, anawaonyesha vifaru, anawaeleza simba wanazaa mara ngapi. Aliwafikisha hotelini, akapeana nao mikono, ndipo akaenda Daa. Alifika kwenye mazishi kwa wakati. Programu ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa.

Wiki moja baadaye alikuja dukani kwa Silvanus. Naomi alikuwepo, na maneno haya nimeyapata kwake na kwa Alex mwenyewe, na yanafanana. Alisalimia vizuri, akakaa, akavua kofia.

"Nilifika, Sil. Nashukuru. Nilibeba jeneza."

Silvanus akasema pole, akafurahi pia, maana alidhani ameletewa shukrani.

"Lakini nimeonyesha watu simba siku nzima na mama yangu amekufa mfukoni mwangu," Alex akasema. "Wewe umezaliwa wapi? Nani kwetu anamwambia mtu msiba akiwa peke yake? Hata mtoto anajua. Unamtuma mtu. Anakwenda, anakaa naye, anamwambia."

Alex akavaa kofia yake akaondoka, wala hakupiga kelele.

Hilo ndilo kosa la mdogo wangu, na sijui kama mtu wa kwingine angelihesabu kuwa kosa. Kila mtu wa kwetu hupelekewa habari ya msiba na mtu. Jirani anakuja, anaomba maji, anauliza habari za mifugo, na wewe ukiona uso wake unaanza kuelewa polepole. Silvanus alikua ndani ya desturi hiyo. Ila mtu aliyemwaza moyoni wakati anatengeneza ni yeye mwenyewe wa mwaka 1998, ambaye shida yake ilikuwa kuchelewa tu, na akasahau namna ya kuambiwa.

Alifunga Tufike wiki mbili. Watu walilalamika, wengine walidai wameibiwa ada. Naomi anasema sehemu ya kompyuta ilichukua siku mbili. Zilizobaki zote zilikwenda kwenye simu. Aliwapigia waliojiandikisha wote, walikuwa kama mia tatu, na kila mmoja alimwuliza swali moja: nani aje kwako? Alitaka jina la mtu anayeweza kukufikia kwa miguu, na namba yake. Kuanzia hapo ujumbe usingemwendea mfiwa kamwe. Ungemwendea yule mtu, na yule mtu baada ya kutimiza angejibu maneno mawili: Nimekaa naye. Kompyuta isipopata jibu hilo kwa saa tatu, Silvanus mwenyewe alipiga simu. Wapo waliosema hawana mtu. Fundi mmoja wa Mwanza alisema pale anapoishi hakuna anayejua hata jina lake. Silvanus alitafuta kupitia parokia mpaka akampata mzee anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwake, na wale wawili wakaja kujuana kwa sababu hiyo.

Aliponipigia mimi nilimwambia sihitaji mtu, nina Mungu.

"Mungu hana simu, Dada," akasema. "Nipe jina."

Nikampa la Nashilu, nikakata simu kwa hasira. Sikumweleza Nashilu vizuri. Silvanus ndiye aliyempigia akamfundisha.

Alex alirudi baada ya kusikia mabadiliko, na urafiki wao ulianza hapo. Yeye ndiye aliyeleta wazo la madereva: kwa kuwa wanapita kila barabara, kila dereva aandikishe yuko wapi kesho, ili mfiwa aliye njia hiyo achukuliwe. Mwaka 2008 waliojiandikisha walikuwa wamepita mia sita. Silvanus aliongeza chumba cha pili. Aayo aliacha kusema habari za kula vifo, akawa anasema tu kwamba aoe.

Sasa nirudi Jumanne ile. Naomi ameniambia kwamba aliletewa habari na katekista, na kwamba alikaa mbele ya kompyuta muda mrefu. Kanuni inataka watu wawili wahakikishe kabla ujumbe haujatoka, na wa pili siku zote alikuwa Silvanus. Alitembea kwa miguu mpaka kwa balozi wa nyumba kumi, akamwuliza kama ni kweli, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameuona mwili. Balozi akasema ni kweli. Ndipo akarudi akatuma.

Nashilu alilala kwangu. Alfajiri saa kumi na moja alinipandisha basi, akamwambia dereva anishushe Naabi, kwenye lango la Serengeti. Nilikuwa nimepiga hesabu: Naabi saa tano, Qurus saa nane, nitakuta jeneza halijafungwa. Nilisali rozari mpaka Lobo, ndani ya hifadhi. Tulipoipita Lobo kidogo, springi ya nyuma ilikatika.

Sitaki kueleza zile saa. Wanaume walikata gogo, wakalifunga kwa mpira, likaachia, wakafunga tena. Mimi nilikaa pembeni ya barabara nikiwaza jambo moja tu, kwamba nitafika Qurus niulize watu alivaa nini. Sikuweza kusali. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tulifika Naabi saa saba kasoro, tukitambaa. Sikutegemea kumkuta mtu. Alex alikuwa amesimama katikati ya njia ya magari, amevua kofia. Wageni wake, mtu na mkewe wazee, walikuwa wameshapanda kile kilima cha Naabi mara mbili na kumaliza chakula chao, na walikuwa wameketi garini tayari. Yule mama alinipisha kiti cha mbele. Alex alikuwa amewaeleza asubuhi kwamba safari ya leo itasubiri mtu.

"Twende, dada," akasema. Aliendesha bila kusimama mpaka tulipopandisha ukingo wa kreta. Pale kwenye mtandao alisimamisha gari, mahali palepale alipopata habari za mama yake, akampigia Naomi: "Tuko juu. Nipe saa moja na nusu." Wakati huo ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

Kilichotokea nyumbani niliambiwa baadaye. Jeneza lilikuwa uani, watu wameshapanga mstari, Padri amevaa. Baba mdogo alisema tuanze, Loliondo ni mbali na magari hayana uhakika. Naomi akasema wako ukingoni. Padri alitazama saa. Aayo alisimama kutoka kwenye mkeka.

"Mwanangu alifunga duka wiki mbili kwa sababu ya mtu mmoja," akasema. "Tutakaa."

Padri akakaa. Watu wote wakakaa, wengine kwenye majani, wakaimba mpaka sauti zikakauka.

Tulipita lango la Loduare, la kutokea Ngorongoro, bila foleni, tukateremka mpaka Karatu, tukakata kuelekea Qurus. Saa kumi na nusu Alex alisimamisha gari kwenye uzio wa nyumbani. Wale wageni walishuka pia, wakasimama nyuma, yule mzee ameshika kofia kifuani. Aayo alinipokea mlangoni pa uzio. Alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye jeneza, wakafungua.

Silvanus alivaa shati jeupe la kola, sweta la kijivu alilofumiwa na Aayo, na suruali ya kaki. Soksi nyeusi, bila viatu. Rozari ya buluu ilikuwa mkono wa kulia. Ndevu walikuwa wamemnyoa. Nilitazama vizuri, polepole, hakuna aliyeniharakisha. Nikamfanyia ishara ya msalaba kwenye paji la uso, lilikuwa baridi. Kisha nikasema wafunge.

Padri alisoma, akanyunyiza maji ya baraka. Waliobeba walikuwa sita, Alex akiwa mbele upande wa kushoto. Kaburi lilichimbwa pembeni ya la baba, hatua tatu. Aayo alitupa udongo kwanza, mimi wa pili, Naomi wa tatu. Wanaume wakafukia kwa majembe, wakipokezana, na kina mama wakaimba. Tuliweka msalaba wa mbao wenye jina na miaka, 1972 na 2008, na maua ya bustani ya parokia. Ilipotimia saa kumi na mbili kasorobo watu walinawa mikono kwenye beseni lililowekwa mlangoni. Nilimpigia Nashilu nikamwambia nimefika, na tumemzika.